Zebaki Katika Sukari: Maabara Inajuaje?

Juni 2018 Kenya ilitikiswa na sukari. Serikali ilikuwa imenasa shehena za magendo, na waziri mmoja akatangaza kwamba ndani ya sukari hiyo mna zebaki na shaba. Hazikupita siku nyingi, waziri mwenzake wa serikali ile ile akasema vipimo havikuonyesha zebaki. Bunge likaingia uchunguzini, magazeti yakachangamka, na mnunuzi wa nusu kilo dukani akabaki na swali ambalo hakuna aliyejishughulisha kumjibu: huyu anayesema imo na yule anayesema haimo, kila mmoja amejuaje?

Siasa za sukari ile nawaachia wenyewe. Mimi nataka kulijibu swali la mnunuzi, kwa sababu linajibika, na kwa sababu anayelielewa jibu lake hababaishwi tena na tangazo, liwe la kutisha au la kutuliza.

Tuanze na ulimi, chombo cha kwanza cha kupimia chakula. Kwa metali nzito, ulimi haufai kitu. Maji yenye risasi hayana rangi wala harufu, na baadhi ya chumvi za risasi ni tamu kabisa. Warumi wa kale walichemsha maji ya zabibu katika vyungu vya risasi wakapata sharubati nzito ya kukolezea divai, wakainywa na kuisifu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za risasi kwa lita. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Chukua tangi la plastiki la lita 10,000, ulijaze maji pomoni. Risasi inayotosha kulifikisha tangi zima kwenye kiwango hicho ina uzito wa gramu 0.1, sawa na punje nne au tano za mchele. Punje hizo zimeyeyuka na kusambaa, na wewe umepewa kikombe kimoja uzitafute humo.

Ukiangalia uzito, utakata tamaa. Basi acha uzito, hesabu atomi. Atomi ya risasi ni ndogo kiasi kwamba katika mikrogramu 10 mna atomi trilioni 29,000 hivi, na katika tone moja la maji hayo zimo zaidi ya trilioni moja. Kumbe cha kutafuta kipo tele. Kilichobaki ni kukitambua katikati ya maji, sukari, chumvi na vumbi, na hapo ndipo sayansi inapoanza.

Kila atomi ina kiini chenye protoni, na idadi ya protoni ndiyo inayoipa jina lake. Yenye 29 ni shaba, yenye 80 ni zebaki, yenye 82 ni risasi. Nje ya kiini kuna elektroni, nazo hazikai popote zipendapo. Zina ngazi za nishati, na nafasi kati ya ngazi na ngazi hutegemea mvuto wa kiini pamoja na jinsi elektroni zenyewe zinavyosukumana. Elektroni ikipewa nishati hupanda ngazi. Ikishuka huirudisha nishati hiyo kama mwanga wa rangi moja mahususi. Ngazi za shaba si ngazi za zebaki, kwa hiyo rangi za shaba si rangi za zebaki. Hakuna elementi mbili zenye orodha moja ya rangi.

Jambo hili hutokea jikoni kila siku. Maji ya chumvi yakifurika sufuriani na kumwagikia jiko la gesi, mwali wa bluu hugeuka njano papo hapo. Njano hiyo ni ya sodiamu iliyomo katika chumvi, mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589, na utaiona vile vile ukitumia chumvi ya Magadi au ya Uvinza.

Waliolifanya jambo hilo kuwa kipimo ni Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, huko Heidelberg, Ujerumani. Kuanzia 1859 walikuwa wakiweka chembe za chumvi mbalimbali kwenye mwali usio na rangi na kuupitisha mwanga wake katika prizimu ya kioo. Badala ya upinde kamili wa rangi, waliona mistari michache myembamba, na kila elementi ilikuwa na mistari yake. Mwaka 1860 wakayachunguza maji ya chemchemi ya Dürkheim, wakaona mistari miwili ya bluu isiyo ya elementi yoyote iliyojulikana. Elementi hiyo mpya wakaiita sesiamu. Ili kupata kiasi chake cha kushikika, ilibidi wachemshe tani zaidi ya 40 za maji hayo. Kwa maoni yangu somo letu lilizaliwa siku hiyo, maana jicho lililosaidiwa na prizimu liliona katika matone machache kitu ambacho mizani ilihitaji tani 40 kukithibitisha.

Sodiamu na sesiamu hung'aa kwa urahisi. Risasi ni kaidi. Katika mwali wa asetilini na hewa, wenye joto la nyuzi 2,300 hivi, atomi za risasi zinazopanda ngazi ni chache mno. Karibu zote zimetulia chini kabisa. Kwa miaka mingi wakemia waliendelea kuungoja mwanga wa hizo chache. Ndipo mwaka 1952 Alan Walsh, mwanafizikia mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi Australia, alipojiuliza kwa nini anahangaika na atomi chache zinazong'aa na kuzipuuza nyingi zilizotulia. Atomi iliyotulia humeza mwanga wa rangi ile ile ambayo ingeitoa kama ingekuwa inashuka. Kirchhoff mwenyewe alikuwa amelieleza hilo karibu karne nzima nyuma, alipofafanua mistari myeusi katika mwanga wa jua. Walsh alichapisha njia yake 1955, na tangu hapo maabara za chakula hazikuwa zile za zamani.

Mpango wake ni huu. Unatafuta risasi? Tengeneza taa ambayo ndani yake mna kipande cha risasi, ili mwanga wake uwe na rangi za risasi. Chagua mmoja wa mistari yake, kwa mfano ule wa nanomita 283.3, ambao ni urujuanimno usioonekana kwa macho. Upitishe katikati ya mwali, na ng'ambo ya pili uweke kifaa cha kupimia mwanga. Nyunyiza maji safi kwenye mwali, na mwanga utafika ng'ambo. Nyunyiza maji yenye risasi, na sehemu ya mwanga itapotea njiani, imemezwa. Atomi za shaba hazina ngazi inayolingana na nishati hiyo, wala za zebaki. Ndiyo sababu mpimaji anayesaka metali tano kwa njia hii kwa kawaida hubadilisha taa mara tano.

Ila mwanga uliopotea bado si mikrogramu. Mashine haijui mikrogramu ni kitu gani. Inajua tu kwamba mwanga umepungua kwa kiasi fulani. Kwa hiyo mpimaji huandaa miyeyusho minne au mitano ambayo kiasi cha risasi ndani yake anakijua, kwa kuwa ameitengeneza yeye, anaipitisha kwenye mwali mmoja baada ya mwingine, kisha anachora mstari: risasi kiasi hiki, mwanga uliomezwa kiasi hiki. Sampuli ya sukari hupimwa na kutafutiwa mahali pake kwenye mstari huo. Namba yoyote inayotoka maabara, hata iwe na tarakimu nne baada ya nukta, ni ulinganisho na miyeyusho hiyo. Miyeyusho ikikosewa, kila cheti cha siku hiyo kimekosewa, na mashine haitasema neno.

Turudi kwenye sukari yenyewe. Huwezi kuipeleka kwenye mwali vile ilivyo. Itaganda, itaziba mirija, na moshi wake utazuia mwanga na kujifanya risasi. Kwanza huvunjwa. Mpimaji huchukua nusu gramu, huitia asidi ya nitriki iliyosafishwa sana, huipasha moto mpaka kaboni iondoke kama gesi na ubaki myeyusho mwangavu, kisha huongeza maji mpaka mililita 50. Sukari imekwenda, metali zimebaki.

Au tuseme, metali nyingi zimebaki. Zebaki ni kimiminika hata katika joto la kawaida, nayo ni nyepesi kugeuka mvuke. Mtu akichemsha sampuli katika bika iliyo wazi, zebaki inaweza kutoka pamoja na moshi, na mashine iliyo nzima kabisa ikasema kweli kuhusu kilichosalia: hamna. Kwa sababu hiyo maabara makini huvunja sampuli ndani ya vyombo vinene vilivyofungwa, katika oveni maalumu ya maikrowevu. Kisha zebaki hupimwa peke yake. Myeyusho hutiwa kloridi ya stani, zebaki hugeuka mvuke bila kuhitaji mwali, na mvuke huo hupulizwa mbele ya mwanga wa nanomita 253.7. Kwa hiyo mtu akiniambia sukari haikuwa na zebaki, la kwanza nitakalouliza ni kama chombo kilikuwa kimefungwa.

La pili ni la hesabu tu, na ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa halihitaji mashine ya mamilioni. Nusu gramu iliyofanywa mililita 50 imezimuliwa mara 100. Tuchukulie sheria inaruhusu miligramu 0.1 za risasi kwa kilo ya sukari. Sukari iliyo kwenye mpaka huo, ikishafanywa myeyusho, inabaki na mikrogramu 1 tu kwa lita. Je, mwali unaweza kuiona mikrogramu 1?

Ili kujibu, mpe mpimaji maji yasiyo na risasi ayapime mara kumi. Hatapata sifuri kumi. Atapata namba ndogo zinazoyumba juu na chini, kwa kuwa taa haitulii kikamilifu, mwali unatikisika, na vifaa vya umeme vina kelele zake. Sasa sampuli ikitoa ishara ndogo kuliko huko kuyumba, nani atajua kama ni risasi au ni mashine inahema? Kwa hiyo wakemia wamekubaliana kwamba ishara lazima ifike takriban mara tatu ya kuyumba huko kabla hujathubutu kusema umeona kitu. Kiwango hicho huitwa kikomo cha ugunduzi. Kwa risasi katika mwali, kikomo hicho kinaweza kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Zidisha kwa 100, maana tulizimua, upate miligramu 1 kwa kilo ya sukari.

Tazama matokeo yake. Sukari yenye miligramu 0.9 kwa kilo, yaani mara tisa ya kiwango tulichokichukulia, itapita katika maabara hiyo na kutoka na cheti kilichoandikwa "haikugunduliwa". Hakuna aliyedanganya. Hakuna aliyehongwa. Mashine imetumwa kazi isiyo yake, basi.

Dawa ipo. Badala ya mwali, matone machache ya myeyusho huwekwa ndani ya kibomba cha grafiti kinachopashwa kwa umeme. Kwenye mwali sehemu kubwa ya sampuli haifiki, na atomi zinazofika hupita mbele ya taa kwa kufumba na kufumbua. Ndani ya kibomba zote hutoka pamoja na kukawia kidogo, na kikomo hushuka chini sana ya mikrogramu 1 kwa lita.

Kufikia hapo mtu atadhani kinachohitajika ni fedha za kununulia mashine kali zaidi. Clair Patterson angemkatalia. Huyu ni mwanajiokemia wa Marekani aliyeupata umri wa dunia, miaka bilioni 4.55, akautangaza 1956, kwa kupima risasi iliyomo katika vimondo. Miaka mingi kabla ya hapo alikuwa akihangaishwa na risasi isiyo ya vimondo. Ilikuwa hewani, ikitoka katika petroli ya magari; ilikuwa katika vumbi la maabara, katika asidi ya dukani, katika nywele na ngozi ya mpimaji. Ilibidi ajenge maabara yenye hewa iliyochujwa na asafishe asidi zake mwenyewe.

Baadaye akaigeuzia chakula jicho hilo hilo. Mwaka 1980, katika jarida la Science, yeye na Dorothy Settle walieleza kuhusu samaki aina ya jodari. Katika nyama mbichi ya jodari walikuta nanogramu 0.3 za risasi kwa gramu. Maabara ya serikali ya Marekani ilikuwa imepima samaki wa aina hiyo na kupata takriban 400, zaidi ya mara 1,000. Tofauti hiyo haikutoka baharini. Ilitoka katika visu, meza, vyombo na hewa ya maabara. Jodari wa makopo yaliyounganishwa kwa risasi alikuwa na nanogramu 1,400 hivi. Ukilinganisha 1,400 na 400, kopo linaonekana limeongeza risasi mara tatu au nne, jambo la kusikitisha lakini la kuvumilika. Ukilinganisha na 0.3, limeongeza maelfu ya mara. Uchafu wa maabara ulikuwa umeuficha uchafu wa kiwandani kwa miaka, na walaji waliendelea kufungua makopo yao.

Kwa sababu hiyo maabara inayojiheshimu hupima pia sampuli tupu: asidi ile ile, chombo kile kile, oveni ile ile, bila sukari ndani. Risasi yoyote itakayoonekana humo ni ya maabara. Hupima vile vile unga au nyama iliyothibitishwa, ambayo kiasi chake cha metali kimekubaliwa na maabara nyingi, ili ijikague yenyewe. Mpimaji asiyekuonyesha sampuli tupu yake anakuomba umwamini kwa sura.

Siku hizi maabara kubwa zina mashine nyingine inayoacha mwanga na kupima atomi zenyewe kwa uzito. Sampuli hupulizwa ndani ya plazima ya agoni yenye joto la maelfu ya nyuzi, atomi hupokonywa elektroni moja moja, kisha huchujwa kwa uzito na kuhesabiwa. Kikundi cha Robert Houk na Velmer Fassel, kule Ames katika jimbo la Iowa, ndicho kilichoionyesha njia hii mwaka 1980. Inaweza kupima makumi ya elementi kwa mkupuo, na kikomo chake kwa risasi hushuka hadi nanogramu kwa lita.

Nayo ina ujinga wake. Aseniki ina uzito wa 75. Agoni ina 40, klorini ina 35, na zikishikana ndani ya plazima zinakuwa 75. Mpe mashine hiyo samaki wa chumvi bila tahadhari, itakuhesabia aseniki ambayo haimo. Risasi ina isotopu nne, 204, 206, 207 na 208, kwa hiyo ukishuku moja unaweza kuuliza nyingine; aseniki ya asili ina moja tu, haina shahidi wa pili. Tiba iliyozoeleka ni kupitisha atomi hizo katika chumba kidogo chenye heliamu. Muungano wa agoni na klorini ni mnene, hugongana mno na heliamu na kupoteza mwendo, na aseniki yenyewe hupenya.

Hata aseniki ya kweli ikipatikana, bado hujamaliza. Pweza na kamba wana aseniki nyingi, lakini sehemu kubwa ni asenobetaini, ambayo mwili huitoa bila madhara makubwa. Aseniki isiyo ogani, inayopatikana katika maji ya baadhi ya visima na katika mchele, ndiyo inayosababisha saratani. Mtu akitangaza jumla ya aseniki ya pweza wa Kilwa bila kutenganisha aina hizo mbili, atawafukuza wateja bure. Kwa zebaki mambo ni kinyume: ile iliyounganishwa na kaboni, methilizebaki, ndiyo iliyowaangamiza wavuvi wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa uligunduliwa rasmi 1956, na ndiyo hujikusanya zaidi katika samaki wakubwa wawindaji kama papa na nduaro kuliko katika dagaa.

Si kila swali linadai mashine ghali. Bangladesh walikuwa na wafanyabiashara waliotia kromati ya risasi katika manjano ili ing'ae. Kiasi kilikuwa kikubwa, kwa hiyo wakaguzi waliingia sokoni na kifaa cha mkononi cha eksirei, kikaonyesha risasi pale pale mbele ya muuzaji. Mwaka 2019 karibu nusu ya manjano iliyopimwa katika masoko ilikuwa na risasi ya kugundulika. 2021 haikupatikana hata moja. Kifaa hicho hakingefaa kwa maji ya tangi letu, lakini kwa manjano kilitosha.

Ningeulizwa maabara za kwetu zianzie wapi, nisingeanzia sukari. Ningeanzia pemba, udongo unaouzwa vipande vipande sokoni na kutafunwa na wajawazito. Watafiti waliopima udongo wanaoula wajawazito katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Tanzania walikuta humo metali kadhaa, aseniki ikiwemo. Hapo hakuna magendo, hakuna kamati ya Bunge, na mlaji ana mtoto tumboni.

Ofisi za Mkemia Mkuu wa Serikali, Nairobi na Dar es Salaam, pamoja na mashirika ya viwango ya nchi zote mbili, zina uwezo wa kuandika mstari mmoja zaidi katika kila tangazo la vipimo: njia iliyotumika, kikomo cha ugunduzi, na matokeo ya sampuli tupu. Mstari huo ungalikuwepo Juni 2018, mabishano ya mawaziri wawili yangalikwisha siku moja. Msomaji, ukiletewa cheti kinachosema "haikugunduliwa" na kikomo hakikuandikwa, kirudishe uwaombe wakiandike.